Siku Niliyoinamisha Kichwa Uwanjani Sokon

Hili jambo nimelificha miaka mingi, na hata mke wangu alikuja kulisikia kwa watu, si kwangu. Lakini kwa kuwa leo mmenisifu mbele ya wageni kwamba mimi mtu mtulivu (“Mzee Sefu hapandwi na hasira,” eti), naona ni dhambi kunyamaza. Utulivu huu mmeukuta uzeeni, jamani. Ujanani niliwahi kuwaharibia mechi wasichana kumi na mmoja ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kutulia, na siku hiyo katika uwanja mzima, kuanzia refa mpaka mbuzi waliokuwa wanakula majani pembeni, aliyekosa utulivu alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu anayewasimulia.

Enzi hizo bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani. Mimi kijana wa Tanga, nimepanda garimoshi kuja Arusha kutafuta kazi, nikapata ukarani wa mizani kwenye ghala moja la kahawa. Kahawa ilikuwa inashuka kutoka kwa Wameru huko mlimani, magunia kwa magunia, na kazi ya kuichambua ilikuwa ya wasichana. Wanakaa kwenye meza ndefu, buni imemwagwa mbele yao, nzuri huku, mbovu kule, kutwa nzima vidole vinakwenda. Msimamizi anapita nyuma yao na sheria ni moja tu, hakuna kuinua macho. Apite bwana mkubwa, apite paka, ianguke sufuria, wewe macho mezani, maana ukiinua macho mara moja tu punje mbovu tatu zimeshapita. Wenyewe walikuwa wakikumbushana kwa sauti ya chini, “Macho mezani,” na kazi inaendelea.

Sasa saa ya mapumziko walikuwa wanapiga chandimu nyuma ya ghala, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Mimi na mizani yangu nawaangalia dirishani. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikatoka nikawaambia, hapana, mpira hauchezwi hivyo, mnalundikana kama kuku kwenye mtama. Wakaniuliza, wewe Karani unajua mpira? Nikasema nimecheza sana Tanga. (Nilicheza mara nne. Mara nyingine zote nilishika nguo za wenzangu. Lakini nani Arusha angekwenda Tanga kuuliza?) Ndivyo nilivyopata ualimu wa timu.

Nahodha wao alikuwa Anasia, Mmeru wa huko juu, baba yake mzee wa kanisa mwenye migomba na kahawa yake, na yeye mwenyewe ana mdomo unaokata kuliko panga la baba yake. Golikipa alikuwa Nasieku, Mwarusha wa kijiji cha Sokon, mrefu, mkimya, mikono myepesi, pale mezani alikuwa anamaliza gunia wenzake bado wako nusu. Na kiwanja, hapo ndipo penye kisa, kiwanja kilikuwa malisho ya babu yake Nasieku, Mzee Loishiye.

Nilikwenda kumwomba. Mzee mwenyewe hana maneno mengi, Kiswahili chake cha kuhesabika, na kila neno analiweka chini taratibu kabla ya kuchukua jingine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Majirani zake walishaanza kusema kwamba msichana anayepiga mpira kesho atampiga teke mama yake, kwa hiyo nilijua ana mzigo kichwani. Akasema, “Ng'ombe wangu nitawapeleka kule chini. Wacheze. Siku ya mechi nitakuja mwenyewe. Nikiona adabu ipo, sawa. Nikiona adabu haipo, ng'ombe watarudi, na Nasieku atarudi nyumbani.”

Nasieku alikuwa amesimama nyuma yake anasikia. Kesho yake ghalani akaja kwenye mizani yangu, akaniambia polepole, “Karani, mimi sitaki kurudi nyumbani.” Nikamwambia hutarudi, niachie mimi. Neno hilo, “niachie mimi,” mkilisikia kwa kijana wa miaka ishirini na sita, kimbieni.

Maana adabu yenyewe ilikuwa taabu. Mechi yetu ya kwanza, ya majaribio tu na wanawake wa mtaa wa Kimandolu, tulifungwa goli moja na timu ikasambaratika palepale. Mmoja akakaa chini kwenye nyasi analia. Wawili wakaanza kusukumana nani aliyeachia. Anasia akamwambia beki wake maneno ambayo sidhani yamo kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani kwao. Nasieku peke yake ndiye aliyesimama golini kimya, lakini hata yeye macho yalikuwa kwa watu waliokuwa wakicheka pembeni, na goli la pili likapita hapo hapo. Mungu alisaidia Mzee hakuwapo siku hiyo.

Nikawaza usiku kucha, asubuhi nikiwa kwenye mizani nikawatazama pale mezani walivyotulia, msimamizi anapita, mlango unagongwa, hakuna anayeinua jicho. Nikasema moyoni, Sefu, utulivu unautafuta wa nini wakati wanao tayari? Jioni nikawakusanya. Nikawaambia, kuanzia leo uwanja ni meza na mpira ni kahawa, akipita mtu, akitukana mtu, akianguka mtu, macho mezani.

Wakalielewa mara moja, maana ni lugha yao. Nikaanza kuwajaribu. Wakiwa wanacheza mimi naingia katikati nawaita majina, napiga kelele kwamba msimamizi anakuja, nampitisha mama wa vitumbua na sinia lake kichwani na harufu yote ile. Wiki ya kwanza waligeuka. Wiki ya pili aligeuka mmoja, kwenye vitumbua. Wiki ya tatu ningeweza kuchoma nyumba pembeni na hakuna ambaye angetazama moshi. Nilijisikia bwana mkubwa, nakwambieni, nilikuwa natembea mjini mikono nyuma.

Siku moja Nasieku akauliza, “Hata akipita babu?”

Mnisamehe nieleze kidogo. Waarusha wana desturi yao, mtoto akikutana na mzee hasemi tu shikamoo, anasogea, anainamisha kichwa, na mzee anamwekea kiganja juu ya kichwa. Ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Msichana asiyeinamisha kichwa mbele ya mzee hajamnyima salamu tu, amemwambia hamtambui. Mimi mtu wa Tanga, nimezoea shikamoo ya mdomo, unaweza kuipiga hata ukiwa unakimbia, niliona jambo dogo. Nikacheka. Nikamjibu, “Hata akipita babu yako, Nasieku. Mpira kwanza, kichwa baadaye.” Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akarudi golini.

Basi ikaja siku ya mechi, tunacheza na manesi wa hospitali. Jumamosi mchana, mlima umetoka wote hauna hata wingu, watu wamejaa, Wameru wameshuka, Waswahili wa mjini wamekuja na kanga zao, Waarusha wamesimama na fimbo. Wasichana wangu wamevaa sketi za merikani mpaka chini ya goti, nilihakikisha mwenyewe kwa kamba ya kupimia. Na mimi suruali nyeupe, tarbushi nyekundu, viatu vya kuazima. Nikakumbuka heshima, nikachukua kiti cha ofisini ghalani, kile chenye mikono, nikakibeba kichwani kutoka mjini mpaka Sokon kwa ajili ya Mzee Loishiye. Nikakiweka upande wa magharibi, ili jua la jioni lisimpige usoni.

Hilo ndilo kosa lenyewe, kiti kile. Kwa sababu nyumba ya Mzee ilikuwa mashariki. Na njia ya kutoka kwake, njia ya ng'ombe, ya miaka na miaka kabla ya mimi kuzaliwa, ilikuwa inakata katikati ya kiwanja, inapita karibu kabisa na goli letu.

Mzee akachelewa. Tukaanza bila yeye, na wasichana wakacheza, walahi sijaona tena. Anasia akafunga dakika ya kumi hivi, na hakuna aliyeruka, hakuna aliyepiga vigelegele, wakarudi katikati wanatembea. Watu pembeni wakaanza kunong'ona, hawa wana nini? Mimi najua wana nini. Nilikuwa nimesimama kifua mbele kama mimi ndiye niliyefunga.

Ndipo nikamwona Mzee Loishiye anatokea, rubega yake begani, fimbo yake mkononi, anatembea kwa mwendo wake ule ule. Akaona kiti kipo ng'ambo. Akaona watu wamemwachia kiti. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya kwenye malisho yake mwenyewe, akashika njia yake moja kwa moja kukiendea. Refa wetu alikuwa koplo wa polisi kutoka mbali huko kusini, tulishamwambia kabla kwamba hapa watu na mbuzi hupita na mchezo hausimami, kwa hiyo akamtazama, akaacha.

Mzee akakutana na beki wa kwanza. Akasimama, akanyosha kiganja. Beki akampita mbio, macho mezani. Akaja wa pili, kiganja kiko pale hewani, wa pili naye akapita. Anasia alirudi kusaidia nyuma, akamkwepa Mzee kwa ustadi ambao siku nyingine ningeupigia makofi. Watu wakaanza kunyamaza, upande hadi upande. Mzee akaendelea, akafika golini kwa mjukuu wake, akasimama kando yake karibu ya kumgusa. Akanyosha mkono. Nasieku hakuinama. Macho yake yako kwenye mpira, mikono mbele, magoti yamekunjwa kidogo kama nilivyomfundisha, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hayafuti.

Mkono wa Mzee ukabaki hewani. Akilini nikaona ng'ombe wanarudi. Nikaona Nasieku anafunga kanga yake anaondoka ghalani, na ni mimi niliyemwambia niachie mimi.

Sasa mtu mwenye akili angesubiri mpira utoke, akamwendea Mzee taratibu, akamweleza. Mimi nikakimbia. Nikaingia uwanjani na viatu vya kuazima, kimoja kikabaki njiani, nikafika mbele ya Mzee nahema, sina neno hata moja kichwani, naona tu ule mkono ulionyoshwa haujapata kichwa. Nikasema moyoni, basi uchukue changu. Nikavua tarbushi, nikainama.

Kumbe (na hili nililijua sekunde moja baadaye, kwa kicheko) kwa Waarusha mwanamume mzima haamkii hivyo. Mwanamume aliyetiwa jandoni anapeana mkono. Anayeinamisha kichwa ni mwanamke, au layoni, kijana wa kiume ambaye bado hajapita jandoni. Mimi niliyetahiriwa Tanga nikiwa na miaka saba nilikuwa nimejitangaza mbele ya kadamnasi, Wameru, Waarusha, manesi na watu wa mtaani kwangu, kuwa bado mtoto. Wanaume wa Kiarusha walijizuia kidogo kwa heshima ya Mzee, kisha wakashindwa.

Na mimi bado nimeinama, sijui kama mtu huinuka mwenyewe au huinuliwa, ndipo nesi mmoja akapiga shuti. Nasieku aliliona, alishaanza kuruka upande wake, angelidaka, namwapia Mungu angelidaka. Lakini shuti halikumfikia. Lilinipiga mimi, sehemu ambayo mtu aliyeinama huwa ameielekeza kwa wengine, likabadili njia, likaingia upande wa pili. Koplo akapiga kipenga, akaonyesha katikati. Goli.

Niwaambie nilitulia? Nilimfuata koplo nikipiga kelele kwamba goli la makalio halipo katika sheria. Akasema kwake lipo. Nikamwambia hajui mpira. Nikatupa tarbushi chini, nikaikanyaga kwa mguu ule usio na kiatu, nikamwita mtu wa kukamata walevi tu. Niliwageukia wasichana waje wanisaidie kulalamika. Hakuna aliyekuja. Nasieku aliufuata mpira wavuni, akaurudisha, akampa Anasia mkononi. Anasia akaupeleka katikati, na alipopita karibu yangu, yule yule mwenye mdomo wa panga, aliniambia kwa sauti ya chini sana, ya huruma kabisa, “Karani. Macho mezani.”

Nikanyamaza. Koplo akanitoa nje, nami nikatoka nikiwa nimeshika tarbushi iliyobonyea, nachechemea, njia yenyewe ikinipitisha palepale kwenye kiti. Mzee alikuwa ameshaketi. Akanitazama muda mrefu. Kisha akanyosha mkono, akaniwekea kiganja kichwani, kizito, chenye joto. Akasema, “Umeleta kichwa, sasa ni mtoto wangu. Kaa chini. Tulia.”

Nikakaa kwenye nyasi miguuni pake. Nikaona hapo ndipo pa kusema kweli au nisiseme tena. Nikamwambia, “Mzee, si dharau. Mimi ndiye niliyemkataza. Aliniuliza hata akipita babu, nikamwambia hata akipita babu. Ng'ombe wakirudi warudi kwa sababu yangu, yeye mwache.” Mzee aliendelea kuutazama mpira, na mimi, sioni haya kusema, nilikuwa karibu kulia.

Walicheza mpaka mwisho bila mwalimu, na kusema kweli walicheza vizuri zaidi. Manesi walikuja kwa nguvu, Nasieku akadaka moja ya chini na moja ya juu, kila mara anainuka kimya, anapanga watu wake kwa mkono. Ikaisha sare, goli moja kwa moja. Kipenga cha mwisho kilipolia tu, sikuwaambia neno, wakaja wote kumi na mmoja, wamelowa jasho, Wameru kwa Waarusha na yule mmoja wa mtaani kwetu anayeitwa Mwanaidi, wakasimama mstari mbele ya kiti. Mmoja mmoja akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja, mmoja mmoja. Nasieku alikuwa wa mwisho.

Mkono haukushuka upesi. Mzee akamwuliza, “Uliniona?”

“Nilikuona, babu.”

“Ukanyamaza.”

“Nilikuwa nalinda.”

Mzee akafikiri. Kisha akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, “Nilipokuwa kijana nalinda ng'ombe, simba yuko kwenye majani, baba yangu akapita nyuma yangu. Sikumwamkia. Anayelinda haamkii.” Akaweka kiganja kichwani kwake. Akakiacha hapo kwa muda. Nasieku mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii alilia bila kujizuia.

Ng'ombe hawakurudi. Kiwanja tulikuwa nacho mpaka nilipoondoka Arusha, na Nasieku alikaa golini na mezani mpaka alipoolewa kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyepata adhabu. Tangu siku ile kila nilipokutana na Mzee Loishiye, sokoni, njiani, mara moja mbele ya makarani wenzangu wote tukiwa na kalamu mfukoni, alikuwa anasimama ananyosha kiganja, na mimi nainama. Mtaani wakaniita Layoni. Mwanzoni iliniuma. Baadaye, sijui ilikuwaje, zikipita wiki mbili sijaonana naye nilikuwa natafuta sababu ya kupita Sokon.

Mwaka wa mwisho wa Mwingereza nikapata kazi nyumbani Tanga. Asubuhi ya safari nikaenda kuaga. Mzee alitoka mpaka mlangoni pa boma anaegemea fimbo, Nasieku kando yake na mtoto mgongoni. Sikungoja anyoshe mkono, nikavua kofia nikainama mwenyewe. Nikangoja. Sikusikia kitu kichwani. Nikadhani amechoka, au amekasirika kwamba naondoka. Nikainua macho taratibu, nikaona mkono wake umenyoshwa mbele yangu, kwa chini, kama mwanamume anavyompa mwanamume mwenzake.

“Leo nipe mkono,” akasema.

Nikampa. Nililia pale mlangoni mbele ya mtu na mjukuu wake na kitukuu chake, na Nasieku akanitazama na yeye macho yamejaa, akaniambia, “Macho mezani, Karani.” Sikuweza.

Kwa hiyo msinisifu utulivu, mimi niliwekewa kichwani na mtu mwingine. Na toka siku ya mechi ile sijamwambia mtu yeyote atulie. Nikimwona mtu anahangaika namtafutia kiti, lakini kwanza nauliza njia inapita wapi.